Njia ya Sikio la Profesa Zagabe

Jumatatu, 4 Septemba

Profesa Zagabe alinifundisha kwamba kila kichwa kina daftari lake. Unaandika tarehe, hali ya hewa, na mkono ulifanya nini. "Flori," alikuwa akiniambia, "mkono hauna kumbukumbu, na wewe pia hauna." Basi hili hapa ni daftari la kichwa chake mwenyewe.

Niandike kwa utaratibu, maana labda siku moja mtu mwingine atalifungua. Mimi ni Floribert, préparateur wa anatomia katika fakulté moja ya hapa Bukavu, huu mwaka wa ishirini na saba. Nawatayarisha wafu ili walio hai wafaulu mitihani. Wanafunzi wananiita Papa Formol, kwa ajili ya ile dawa ya kuzuia kuoza ambayo mke wangu Lucie anasema imeingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Diploma kubwa sina. Nina tumbo, magoti mabovu, na mikono miwili ambayo Zagabe aliisifu mara moja, mwaka 2009.

Tulikuwa na mapatano: atakayetangulia kufa, mwenzake atafungua kichwa chake na kufuata nyuzi za ubongo, moja baada ya nyingine, zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Tuliyafanya tukinywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwa hiyo mimi sikuyahesabu kuwa mapatano. Yeye aliyaandika, akatia sahihi, akampa mkewe. Mwezi wa tatu mshipa uliziba katika ubongo wake, upande wa kushoto, akabaki bila neno hata moja. Akafa tarehe 28 Agosti.

Mama Rosalie, mjane, aliniambia mlangoni:

"Papa Flori, bwana yangu aliandika, nitafanya vile aliandika. Lakini kwetu kule Walungu mutu hazikwe nusu. Utanirudishia yote, mupaka kipande ya mwisho, mbele ya kutosha kilio."

Kutosha kilio, siku ya kuvua nguo nyeusi na kula pamoja, ni Jumamosi 9 Desemba.

Leo: nimebadilisha formol. Ubongo unaning'inia ndani ya ndoo, umefungwa uzi kwenye mshipa wake mkubwa wa chini, ili usilale na kubonyea. Mawingu, hakuna mvua. Mkono ulifunga fundo mara mbili.

Jumatano, 6 Septemba

Vumbi. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 10 Septemba

Kuna la kuandika.

Jumamosi ya tarehe 12 Agosti, Profesa Adalbert, ambaye alikuwa akingoja kiti cha Zagabe tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alinichukua twende kumtembelea mgonjwa. Nilijiona mtu mkubwa: kupanda gari la profesa, kukaa mbele. Zagabe alikuwa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, blanketi magotini, mdomo umepinda. Adalbert akamsemesha kwa sauti ya kusemesha viziwi, juu ya karatasi ya kumpumzisha kazi. Zagabe akamtazama tu. Adalbert akanigeukia:

"Flori, wewe njo unajua vichwa. Iko nasikia?"

Nami, ambaye maishani mwangu sijawahi kuacha nafasi ya kuchekesha watu ipite, nikajibu:

"Profesa, uko naongea na bocal. Imebakia kutia formol tu."

Bocal ni ile chupa kubwa ya kioo tunamohifadhi viungo. Adalbert alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka. Karatasi ikawekwa alama: mgonjwa haelewi. Siku kumi na sita baadaye Zagabe akafa.

Basi niseme mapema ninachotafuta, kabla daftari hili halijaanza kunipamba. Natafuta kama alisikia. Sisemi masikio, hata mbuzi ana masikio. Kuna njia inayotoka sikioni, inapanda shina la ubongo, inafika kituo cha katikati ya ubongo, halafu inageuka kando kwenda mahali ambapo sauti inakuwa neno. Nataka kujua kama njia hiyo, upande wa kushoto, ilikuwa bado imeungana.

Na niandike hili pia, maana Zagabe hakupenda daftari lenye aibu: naomba Mungu niikute imekatika.

Ijumaa, 15 Septemba

Mvua ya kwanza. Bati linavuja juu ya meza ileile, kama kila mwaka.

Alhamisi, 28 Septemba

Daktari Ghislaine amekuja kutoka Kigali. Alikuwa mwanafunzi wetu. Siku yake ya kwanza mbele ya maiti alizimia mara mbili, na mimi ndiye niliyemmwagia maji, mara ya pili nikamalizia ndoo nzima. Sasa ni mtaalamu wa ubongo, na ndiye aliyempitisha Zagabe katika mashine ya sumaku, IRM, mwezi wa nne.

"Papa Formol! Uko muzima bado?"

"Nusu, Daktari. Nusu ingine iko ndani ya ndoo."

Akatazama ndoo, akaacha kucheka. Halafu akafungua kompyuta yake, akanionyesha kichwa cha mwalimu wetu kimejaa nyuzi za rangi, nyekundu, kijani, buluu, kama nywele za bibi arusi aliyekosana na msusi. Upande wa kushoto, mbele, palikuwa na pengo jeusi: hapo ndipo mshipa ulipoziba. Nyuma ya pengo akaweka kidole juu ya uzi mwembamba wa njano.

"Njia ya sikio njo hii. Unaona? Inapita."

Nilihisi kama mtu amenimwagia mimi ile ndoo ya maji.

"Uzi huu, uliuona?" nikamuuliza.

"Hapana, Papa. Hakuna mutu aliuona. Mashine inaona maji tu. Maji ndani ya ubongo inatembea muzuri kama inafuata uzi, na inashindwa kama inauvuka. Tunapima maji inaelekea wapi, kompyuta inachora uzi pale inafikiri uko."

"Kumbe ni ramani ya maji."

"Ni ramani ya maji. Na pale njia mbili zinapishana, kompyuta inapotea kama motari mugeni na pikipiki yake kwenye rond-point, pale barabara zinakutana: inaingia barabara yoyote iko mbele yake. Na njia ya sikio inapishana na njia ya jicho. Ni pahali pabaya kuliko pote."

"Kwa hiyo picha yako inaweza kudanganya."

"Inaweza. Lakini na kijiti yako pia, Papa. Kijiti inaona kile mwenye kuishika anatafuta."

Nikamuuliza kama hakuna njia ya hakika. Akasema ipo: unachoma rangi katika ubongo wa mnyama aliye hai, panya au nyani, chembe zenyewe zinainywa na kuibeba mpaka mwisho wa nyuzi zao. Baada ya siku chache unamuua, unamkata vipande vyembamba kuliko karatasi, na rangi inakuonyesha kila mahali ilipofika. Kwa mtu huwezi. Kuna na rangi nyingine inayotambaa ndani ya aliyekufa, lakini ni miezi mingi kwa urefu wa ukucha.

Ndiyo kusema tunaijua njia ya sikio la panya kuliko ya sikio la Zagabe.

Alipoondoka akaniuliza kwa nini nimechagua sikio. Profesa alipoteza maneno, si masikio. Mtu wa kawaida angefuata njia ya kusema. Nikamwambia ni kwa ajili ya somo la mwaka wa tatu. Akaniangalia kama Lucie anavyoniangalia nikisema nilichelewa kwa ajili ya mvua.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Kumbe jana niliandika sawa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimechonga vijiti vitano vya mwanzi, ncha bapa, nimevisugua kwa jani kavu mpaka vimekuwa laini kama ulimi. Kisu hapana. Chuma kinakata kinapotaka, mti unafuata pale nyuzi zinapoukubali. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi yangu, na wanafunzi wanaisahau kabla hawajafika kwenye ngazi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Profesa Adalbert ameingia laboratoire kwa mara ya kwanza akiwa mkubwa wetu. Koti jipya. Akasimama mbali na ndoo.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Profesa. Msalimie."

Nilisema kwa mzaha, kama kawaida yangu. Lakini yeye alivua kofia. Akasema bila kunitazama:

"Flori, ile siku... Mimi niliuliza sababu sikujua. Kama ungeniambia iko nasikia, ningengoja. Naapa."

Akavaa kofia, akatoka mvuani bila mwavuli.

Tangu Agosti nimekuwa nikimchukia Adalbert, na ni kazi nyepesi, mtu yeyote wa fakulté anaweza kuifanya. Leo nimeona kwamba yeye aliuliza swali. Jibu lilikuwa langu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Ubongo umekaza, ukiubonyeza ni kama jibini, ile fromage ya Masisi. Nimeondoa utando na mishipa ya damu, kazi ya siku mbili, nimeugawa nusu mbili, nimeuosha kwa maji yanayotiririka siku nzima ili formol itoke. Sasa ni kuugandisha. Siku kumi, bila kukatisha. Maji yaliyo katikati ya nyuzi yanakuwa barafu, barafu inavimba, nyuzi zinasukumana na kuachana. Ukiyeyusha, kijiti kinapita. Bila barafu hata mkono wa malaika utachana tu.

Congélateur ya laboratoire, friji yetu ya barafu, inanguruma vizuri. Nimeipigapiga mgongoni kama ng'ombe.

Jumanne, 31 Oktoba

Courant, umeme, imekwenda tangu Jumamosi. Nje umeganda, ndani uji. Nianze upya. Mvua ya mawe mchana, bati limelia kama wanafunzi waliofeli.

Ijumaa, 3 Novemba

Courant ilirudi saa tatu, ikaondoka saa nne. Zimebaki wiki tano.

Nimekwenda kwa Jean-Claude, mwenye nganda, baa ya mtaani, kule Nyalukemba. Yeye ana groupe kubwa ya umeme kwa ajili ya mechi za mpira, na ana congélateur tatu, moja ni tupu tangu mfuniko wake ulegee.

"Unataka kutia nini ndani?" akaniuliza.

"Kitu ya fakulté."

"Flori. Nakujua toka primaire. Kitu gani?"

Nikamwambia. Akakaa juu ya kreti. Akajipangusa uso kwa kitambaa cha meza.

"Profesa Zagabe? Ule wa Primus mbili na hasemi na mutu?"

"Yule."

"Ah, mulete. Lakini ule congélateur haitatiwa tena bière. Na hakuna mutu atajua."

Nimeufunga kwa mifuko minne, ndani ya ndoo yenye mfuniko, na kamba. Tulifunga mfuniko wa congélateur kwa mpira wa baiskeli.

Jumatano, 8 Novemba

Nimepita kukagua. Baridi ni nzuri. Lakini juu ya mfuniko kuna madoa ya bière. Nikamwita Jean-Claude.

"Ulisema hakuna mutu atajua."

"Sikuwaambia wote. Niliambia tu wenye kunywa."

Kumbe kila mtu anayefungua chupa anapita kwanza pale pembeni, anamwagia Profesa tone, na anamwambia neno. Fundi wa radio anamsimulia matokeo ya mechi. Mama mmoja anayechoma michopo, nyama ya mbuzi, ambaye mtoto wake alifundishwa na Zagabe, amekuja kumwambia kwamba mtoto amepata kazi Sange. Alisimama pale, mkono juu ya mfuniko, akaongea kama dakika tano, akaaga, akarudi kwenye jiko lake.

Walevi na mama wa michopo wanaongea na barafu kwa heshima, wakiamini inasikia. Mimi mwenye ujuzi nilimtazama mtu machoni nikasema bocal.

Sikumwagia kitu. Nilifunga mpira wa baiskeli nikaondoka.

Jumatano, 15 Novemba

Siku kumi na mbili za baridi. Nimeutoa, nimeubeba kwenye mapaja yangu juu ya pikipiki mpaka fakulté, mvua usoni. Motari akauliza kama ni nyama. Nikasema ni mwalimu. Akaacha kuuliza.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimeanza, nusu ya kushoto. Gamba la nje limetoka kama ganda la ndizi iliyoiva. Chini yake zile nyuzi fupi, zenye umbo la U, zinazounganisha jirani na jirani. Nzuri sana. Ili uende chini lazima uziondoe. Hii kazi ni hivyo: hakuna njia unayoiona bila kuharibu iliyokuwa juu yake, na hakuna kurudisha.

Jumanne, 21 Novemba

Nimefika kwenye kidonda. Shimo la rangi ya asali, kingo zake laini, za zamani, zimeiva. Njia ya kusema imekufa hapo, sawasawa na picha ya Ghislaine. Kwa hiyo picha yake haikusema uongo hapo. Nilitamani ingesema.

Wanafunzi walikuja kutazama. Nikawachekesha, nikasema Profesa sasa hawezi kuwafelisha. Walicheka. Nilisikia sauti yangu, nikaiona ni ileile ya tarehe 12 Agosti, haijabadilika hata kidogo.

Alhamisi, 23 Novemba

Mvua siku tatu mfululizo. Wanasema barabara ya Walungu imekatwa na udongo. Magoti yananiuma. Nimefanya upana wa ukucha mmoja.

Jumamosi, 25 Novemba

Nitaandika polepole.

Asubuhi nilifika pale njia ya jicho inapopita, shuka pana la nyuzi nyeupe kuelekea nyuma. Njia ya sikio inapita katikati yake, inaikata kama mtu anayevuka soko la Kadutu siku ya Jumamosi. Ghislaine alisema ni pahali pabaya, na ni kweli: ukifuata moja unaua nyingine. Nikachagua. Nikainua shuka la jicho, uzi kwa uzi, kijiti chembamba kuliko vyote, pumzi nimeibana.

Saa tano niliiona. Kifungu kidogo, unene wa ubua wa jani la boga, kinatoka kituo cha katikati kuelekea kando. Nikakifuata. Nusu ya safari, kikakatika.

Niliweka kijiti chini. Nikaenda dirishani. Ziwa halikuonekana kwa mvua. Nikasema kwa sauti, peke yangu: "Imekatika. Hakusikia." Nikakaa juu ya kiti, nikalia, niandike tu, nililia kama mtoto, kwa furaha. Nikachukua kalamu na kuandika katika ukurasa huu: *Njia ya sikio, kushoto, imekatika.* Ndiyo ile sentensi niliyoifuta hapo juu kwa mistari mitatu.

Maana nilirudi na kioo cha kukuzia, ili nichore mchoro. Kingo za kidonda cha kweli nilikuwa nimeziona Jumanne: rangi ya asali, laini, za miezi mingi. Kingo hizi zilikuwa nyeupe. Zimechanika kama uzi mpya wa pamba. Na kwenye ncha ya kijiti changu palikuwa na kipande chake, kimeshikamana.

Mimi ndiye niliyeikata. Leo, saa tano na dakika kadhaa.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimempigia Ghislaine simu. Nikamweleza yote, na ya Agosti pia.

"Papa, hata kama ungeipata nzima," akasema, "ingekuambia nini? Barabara ya Walungu iko. Inakuambia nani alipita hapo jana?"

"Sasa hivi haiko, imekatwa na udongo."

"Unaona vile uko? Hata hapa unachekesha."

"Ni ugonjwa, Daktari."

"Nyuzi hazisemi kama kitu kilipita. Hazisemi hata kama kilikuwa kinaenda ao kinarudi. Picha yangu vilevile. Papa, kwa nini haukuuliza mutu?"

"Mutu gani? Mwenyewe amekufa."

Akasema ana wagonjwa wanamngoja.

Jumamosi, 2 Desemba

Nimeviweka vyote ndani ya sanduku dogo la mbao: nusu ya kulia ambayo sikuigusa, ya kushoto, maganda yote kwa mpangilio wake. Maji niliyofanyia kazi nimeyachuja kwa kitambaa cheupe, na kitambaa nimekitia ndani.

Mama Rosalie alinipokea sebuleni. Kile kiti cha mbao bado kiko karibu na dirisha.

"Yote?" akauliza.

"Yote, Maman."

"Hata zile chembechembe?"

"Nimezichuja kwa kitambaa. Kitambaa kiko humo."

Akaweka mikono juu ya sanduku. Ndipo nikauliza. Siku tano nilikuwa na maneno yamepangwa, yakatoka ovyo.

"Maman, ile siku nilikuja na Profesa Adalbert..."

"Tarehe kumi na mbili."

"Ee."

"Unataka kujua kama alisikia."

"Ee, Maman."

"Alicheka," akasema Mama Rosalie. "Ile kipande ya mudomo ilikuwa inatumika, ilicheka. Mulitoka, yeye iko nacheka. Nikafurahi, nikasema Flori amemuchekesha. Halafu nikaona machozi. Tulikuwa na namna yetu, Papa Flori, toka mwezi wa ine: namushika mukono, akifinya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Nikamuuliza, ulisikia vile Flori alisema? Akafinya mara moja. Nikamuuliza, imekuuma? Mara moja. Halafu akanionyesha nigeuze kiti, aangalie ukuta. Mangaribi nikamuletea bugali, akafunga mudomo. Kesho yake vilevile. Mupaka mwisho alikuwa anakunywa maji tu."

Nilikitazama kile kiti.

"Nikamuuliza tena," akaendelea, "ile karatasi ya kichwa yako na Flori, niichane? Akafinya mara mbili."

Mara mbili ni hapana.

"Maman, kwa nini haukuniambia tangu mwanzo?"

Alinitazama bila hasira. Ningependa ningeiona hasira.

"Haukuniuliza. Ulikuja kuniomba kichwa."

Tangu mwezi wa nne. Miezi minne watu wawili walizungumza kwa vidole ndani ya nyumba ile, na mimi niliingia humo mara sita, nikakaa, nikanywa chai yao, nikasimulia hadithi zangu.

Jumatano, 6 Desemba

Wamesafisha udongo. Barabara ya Walungu inapitika.

Jumamosi, 9 Desemba

Tumefika Walungu saa nne. Padri alibariki, sanduku likawekwa kaburini, ubavuni mwake, wakafunika. Mama Rosalie akaingia ndani na nguo nyeusi, akatoka na kitenge cha kijani. Watu wakapiga vigelegele. Hema, viti, ngoma kidogo. Mvua ikatuheshimu.

Siku ya kutosha kilio kuna saa ya marafiki. Anasimama yule mcheshi, anasimulia marehemu alivyokuwa, watu wanacheka, na huzuni inafungiwa mlango hapo. Kila mtu alijua ni nani. Wakaanza kupiga makofi: "Papa Formol! Papa Formol!" Nilipokuwa nainuka, magoti yakalia, watu walikuwa tayari wanacheka.

Nikasema: "Tarehe kumi na mbili mwezi wa nane niliingia nyumbani kwa Profesa Zagabe. Mtu aliuliza kama anasikia. Mimi nikasema ni bocal, imebakia kutia formol tu."

Hema zima likacheka. Jean-Claude alipiga meza.

"Hapana," nikasema, "nisikilizeni. Alikuwa anasikia. Alielewa kila neno. Alilia, akakataa chakula mpaka akafa. Na mimi nimekata kichwa chake miezi mitatu nikitafuta pa kusemea kwamba hakusikia."

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa mbele akajifuta macho, akamwambia jirani yake: "Huyu ni mubaya sana, huyu!" Niliona Adalbert anacheka pamoja nao, halafu akaacha, akatazama viatu vyake. Nilisimama nikingoja wanyamaze ili niseme tena. Kila nilipofungua mdomo walianza upya. Mwishowe nikakaa, wakanipigia makofi.

Mama Rosalie peke yake hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na sahani, bugali na nyama ya mbuzi, akaiweka magotini pangu.

"Kula, Papa Flori. Itapoa."

Nilikula yote.